Mwanamke wa Skrini ya Chini

Chaja ndiyo iliyoniponza. Mume wangu aliisahau juu ya friji siku ambayo hakupaswa kusahau kitu, na mimi, badala ya kumwacha ahangaike, nikamwachia mwenzangu saluni kichwa nilichokuwa nimekisuka nusu, nikavua aproni na kuipeleka mwenyewe. Njia nzima nilikuwa najisema. Mtu ana akili zake timamu, anabeba chaja ya kumsaidia adui yake.

Adui mwenyewe ni gemu. Mume wangu anatengeneza gemu, na tangu nimfahamu ana jambo moja tu kichwani: kwamba mtu anaweza kucheza kwenye skrini mbili kwa wakati mmoja, moja juu na nyingine chini, kila moja na mambo yake. Kazini wanamwita Kinyonga kwa sababu hiyo. Nilimwambia mapema kwamba wazo hilo ni upuuzi. Binadamu ana macho mawili, sawa, lakini yote mawili hutazama mahali pamoja. Anayeweza kutazama huku na kule kwa mpigo ni kinyonga wa kweli, na kinyonga wa kweli hana hela ya kununua gemu. Tuligombana juu ya jambo hili mezani, tuligombana tukikunja nguo, tuligombana hata tulipokwenda kuwasalimu wazazi wake, mpaka mama mkwe akauliza hiyo skrini ya pili ni kifaa au ni mke mwenza.

Wote walicheka. Mimi sikucheka sana, maana mama mkwe alikuwa amegonga penyewe. Mume wangu alikuwa anaondoka tumelala na kurudi tumelala. Binti yetu akimwona baba yake mchana huuliza kama leo ni sikukuu. Na siku chache kabla ya hiyo ya chaja aliniambia, tena bila kunitazama, kwamba gemu ikipita atakuwa na miaka mingine miwili ya kuimalizia. Isipopita itafungwa, naye atarudishwa kwenye kitengo cha kurekebisha gemu za zamani, kazi ya kuingia asubuhi na kutoka jioni kama waume wa wenzangu. Nilimwambia namtakia kila la heri. Kimoyomoyo niliomba ianguke chali.

Sasa, kampuni yao ina desturi moja wanayoiita kiti cha mgeni. Gemu ikifika mahali pa kuamuliwa, hawapigi kura wala hawabishani. Wanamtafuta mtu baki asiyejua lolote, wanamketisha kwenye kiti katikati ya chumba na kumpa kifaa mkononi. Haelezwi kitu. Waliotengeneza gemu husimama nyuma yake, wameegemea ukuta, na hawaruhusiwi kufungua kinywa. Mgeni akicheza hatua ya kwanza mpaka mwisho, gemu inaishi. Akikiweka kifaa mezani kabla ya hapo, imekufa, na hakuna rufaa. Mgeni mwenyewe hajui kwamba kukiweka mezani ndiko kuua. Mimi nilijua kwa sababu mume wangu alinisimulia jinsi gemu ya rafiki yake ilivyouawa na muuza maua mmoja aliyekuwa anataka tu kupiga chafya.

Nilipoingia ofisini kwao nilikuta hali si hali. Nyaya zilikuwa zimebandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi, vikombe vya chai iliyopoa viko kila mahali, na kuta nzima zimejaa michoro ya mlima mmoja uliochorwa kila upande. Watu watano walikuwa wamesimama kama waliofiwa. Fundi bomba waliyemwandaa kuwa mgeni alikuwa amepiga simu kwamba kuna bomba limepasuka mahali, hawezi kuja. Na Mkurugenzi, mama mwembamba mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo, alikuwa mlangoni na sanduku lake la safari.

"Mimi nina ndege," alikuwa anasema. "Leo au basi. Na nikirudi, sitarudi na pesa za skrini mbili."

Ndipo akageuka akaniona. Alinitazama toka kichwani hadi kwenye viatu, akaona nywele za mteja zimening'inia kwenye sweta langu.

"Huyu ni nani?"

Nilimtazama mume wangu. Ilikuwa zamu yake kujibu, na jibu lilikuwa fupi. Hawakuwa wamewahi kuniona hata mmoja, maana yeye si mtu wa kuchanganya nyumba na kazi, na nyumba ndiyo iliyokuwa inapunjwa. Aliwatazama wenzake, akalitazama sanduku la Mkurugenzi, akanitazama mimi.

"Ameleta chaja," alisema.

Basi. Si mke wangu, si mama wa mtoto wangu. Ameleta chaja. Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa ya moto.

"Unajua gemu, dada?" Mkurugenzi aliniuliza.

"Sizipendi," nilisema. Huo haukuwa uongo.

"Vizuri sana. Keti hapo. Hutakawia."

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi: mimi ni mke wa huyo bwana, na desturi yenu naijua mwanzo hadi mwisho. Lakini mume wangu alikuwa amenikodolea macho ya kuomba, macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu aliponiposa, na mimi nilikuwa na hasira ya kutosha kuketi. Nikaketi. Mkurugenzi akanipa kifaa, kidogo tu, kinachofunguka kama pochi, skrini moja juu na moja chini.

"Cheza unavyotaka. Ukichoka, weka hapo mezani."

Meza ilikuwa mbele ya magoti yangu. Sikuhitaji hata kunyoosha mkono.

Nyuma yangu kukawa kimya. Mbele yangu kulikuwa na runinga kubwa iliyozimwa, na katika kioo chake cheusi nilimwona mume wangu ameegemea ukuta pamoja na wenzake, mikono nyuma. Kando yake alisimama msichana mmoja mwenye sikio lililojaa hereni, ambaye baadaye nilijua kuwa ndiye Mchoraji wao. Niliwaza hivi: nitacheza kidogo, kwa adabu, nisije nikaonekana nimetumwa. Kisha nitakiweka mezani. Mume wangu atalia wiki moja, halafu atakuwa anakula chakula cha jioni nasi.

Skrini ya juu ilikuwa na mwanamume anayepanda mlima. Ya chini ilikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba mwanamke na moto. Nikabonyeza vitufe, mwanamume akapanda. Akaruka ufa mmoja, akaruka wa pili, kisha ukungu ukaanza kushuka juu ya mlima na nikawa simwoni. Nikampeleka kulia, akaanguka. Akarudi kwenye mwamba wake wa mwisho, nikampeleka kushoto, akaanguka tena. Nilikaribia kusonya. Katika kioo cha runinga mume wangu alikuwa amefumba macho.

Nikatazama chini, kwa kutafuta tu. Moto wa yule mwanamke ulikuwa unakaribia kuzimika. Kando yake palikuwa na kuni, nikaigusa moja kwa kidole, mwanamke akaiokota akaitia motoni. Moto ukapanda. Na kule juu ukungu ukaondoka, mlima wote ukaonekana, na mwanamume wangu akiwa kwenye ukingo mwembamba ambao ningemtumbukiza bila kujua.

Nikaelewa. Moto wa chini ndio uliompa wa juu macho. Ukimtazama sana yeye, moto unafifia na ukungu unamfunika. Ukiutazama sana moto, jiwe linamponda. Lazima uende juu, urudi chini, uende juu, na kila unapoinua macho unaacha kitu nyuma yako kinachoungua au kuzimika. Nilianza kuifanya polepole, kisha haraka. Kuni, ruka. Kuni, ruka, inama, jiwe hilo, kuni. Shingo ilikuwa imenikakamaa na nimeachama mdomo kama mtoto, na nasema ukweli ingawa unanichoma: nilipendezwa. Miaka yote ya kumwambia huyu mtu kwamba wazo lake ni upuuzi, na sasa roho ilikuwa juu kwa ajili ya mtu wa kuchorwa mwenye ukubwa wa ukucha. Kwenye skrini moja kitu hiki kisingewezekana. Wasiwasi wote ulikuwa katikati, pale kwenye bawaba, mahali ambapo huoni kitu.

Nikasikia mtu nyuma yangu anavuta pumzi ndefu. Walijua inaenda vizuri. Nami nilijua kwamba kila ufa nilioruka ulikuwa unaninyang'anya mume wangu. Kilele kilikuwa kimeanza kuonekana. Hapo nikajiambia, sasa. Weka mezani sasa, kabla hujafika. Nikakishusha kifaa mpaka kikakaribia kugusa mbao.

Kwa kuwa nilikuwa nakishusha, macho yangu yalibaki chini, kwa yule mwanamke. Sikuwa nimemtazama vizuri. Nilikuwa namtazama kama mtu wa kutia kuni. Sasa nikaona jinsi anavyosimama akisubiri. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, na mguu wa pili ameupandisha, anajikuna shavu la mguu kwa kisigino. Akabadilisha mguu, akafanya vilevile.

Mimi nasimama hivyo. Nasimama hivyo siku nzima nikisuka, wateja wananicheka, mama yangu alinikanya utotoni akashindwa. Na kilemba chake kilikuwa kimefungwa fundo upande wa kushoto, nyuma ya sikio, kama changu kilivyokuwa wakati ule. Nikainua macho kwenye kioo cheusi. Mchoraji alikuwa hatazami gemu tena. Alikuwa anaitazama miguu yangu ikijikuna chini ya kiti, na mkono ameuweka mdomoni.

Kumbe mume wangu alijua. Hilo ndilo lililonipiga. Nilikuwa nikimsamehe kila siku kwa kudhani hajui, kwamba mtu aliyezama kazini haoni kinachozimika nyumbani. Naye alikuwa anaona vizuri kabisa. Aliona mpaka namna ninavyojikuna. Alijua kwamba bila mtu kutazama chini moto unafifia, akalichukua jambo hilo akalifanya mchezo, tena mchezo mzuri, na akaendelea kurudi tumelala.

Sikuweza kukiweka mezani. Nikikiweka, niliwaza, nitaondoka zangu, na huyu mwanamke atabaki humo ndani akichochea moto. Ni mawazo ya kijinga, najua, ni mtu wa kuchorwa. Lakini nilikipandisha tena mapajani, nikaacha kumtazama yule wa juu, na nikaanza kumtafutia yule wa chini njia.

Nyumba ilikuwa na mlango. Nikaugusa. Mwanamke hakwenda. Nikagusa sakafu karibu na mlango, akaja, akasimama, akajikuna shavu la mguu. Nikagusa kitasa. Hakuna. Nikabonyeza kwa nguvu, nikashikilia, nikagonga-gonga. Akarudi kwenye moto kama aliyeitwa. Nikamleta tena mlangoni. Nikajaribu dirisha: akasimama dirishani, akatazama nje, akarudi kwenye moto. Kila nilipomleta mlangoni alirudi. Kuni nilikuwa sijaigusa kwa muda mrefu, na moto ulikuwa umebaki makaa. Skrini ya juu yote ilikuwa nyeupe kwa ukungu, na ndani ya weupe ule nilisikia mawe yakianza kubingirika.

Nyuma yangu walikuwa wanahema. Mkurugenzi alivaa miwani yake akaja karibu, akainama begani kwangu. Nikabonyeza kitasa. Nikabonyeza kitasa. Kidole kilikuwa kinauma na machozi yalikuwa yananitoka, na sikujali nani anaona.

"Kuni!"

Ilikuwa sauti ya mume wangu. Chumba kizima kilishtuka, maana hilo halifanywi.

"Weka kuni! Mke wangu, weka kuni, atakufa!"

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mimi ni nani. Nikageuka kwenye kile kiti nikamtazama. Alikuwa ameuacha ukuta, mkono mbele, uso umemshuka. Kule mapajani pangu mawe yalifika, na mtu wa juu akapiga ukelele mdogo akaanguka. Mimi bado nilikuwa nimekishika kifaa.

"Mkeo," alisema Mkurugenzi.

Mchoraji alikuwa anatazama sakafu.

"Umeniketishia mkeo kwenye kiti cha mgeni?"

"Mama, naomba nieleze," mume wangu alianza.

"Usinieleze. Kama mkeo angekuwa anakusaidia, hapo ningekufukuza. Huyu alikuwa anakuzamisha." Akanigeukia. Sauti yake haikuwa kali. "Dada, ulikuwa unabonyeza nini muda wote huo?"

"Mlango."

"Kwa nini?"

"Nilitaka atoke."

Alikichukua kifaa mikononi mwangu, akabonyeza kitasa mwenyewe, mara kadhaa, midomo ameikaza. Mwanamke akaja mlangoni, akasimama, akarudi kwenye makaa.

"Kinyonga. Mbona haufunguki?"

"Ni mchoro tu," mume wangu alisema. "Hauna kitu nyuma yake. Sikuutengeneza."

"Kwa nini hukuutengeneza?"

Alifikiri. Alijibu kama fundi anayeulizwa jambo la kazi, kwa uaminifu, na nadhani hakusikia alichosema. "Sikufikiri kuna atakayetaka atoke. Yeye ni wa moto. Akitoka, wa juu haoni."

Mkurugenzi alinitazama, kisha akamtazama yeye, akakifunga kifaa. "Watu wameketi hapo miaka mingi," alisema, "na gemu za skrini mbili zimepita mikononi mwangu zaidi ya moja. Wote hutazama juu. Ya chini wanaitazama kama wanavyotazama kipima mafuta cha gari. Nilikuja leo nikiwa nimeshakata kauli kwamba ni kupoteza umeme. Huyu ameisahau ya juu kabisa, amelia kwa ajili ya ya chini, na hajakiweka mezani." Alikokota sanduku lake akalisimamisha. "Gemu inaishi. Lakini mtengenezee mlango. Na huko nje kuwe na kitu, si ukuta mwingine."

"Hiyo ni nusu nzima mpya ya gemu," Mchoraji alisema kwa sauti ndogo. "Miaka miwili haitatosha."

"Basi mitatu."

Walipiga kelele, wakakumbatiana. Mtu alinipiga begani, mwingine akaniletea maji. Mwaka wa tatu niliuongeza mimi mwenyewe, kwa kidole changu. Niliyanywa yale maji yote, nikaiweka chaja juu ya meza, nikatoka.

Mume wangu alinikimbilia kwenye korido. Meno yote nje, macho yanameta, miaka kumi imemtoka usoni.

"Umetuokoa! Unajua ulichofanya? Hakuna aliyewahi kufanya hivyo, hata sisi wenyewe hatukuwahi." Alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni, na kwa kukosa karatasi akawa anaandika kwenye kiganja. "Niambie kabla hujasahau. Ulibonyeza wapi hasa? Kwenye kitasa au katikati ya mlango?"

"Kwenye kitasa."

"Uligonga-gonga au ulishikilia?"

"Vyote viwili."

"Muda mrefu?"

"Mrefu sana."

"Sawa, sawa." Aliandika. Maandishi yalikuwa yameshafika kwenye kifundo cha mkono. "Na sasa hili ndilo kubwa, hapa nakutegemea wewe. Akishatoka, aende wapi?"

"Sijaamua bado," nilimwambia.

Aliandika neno la kwanza, kisha kalamu ikasimama kiganjani mwake.